Bahasha Arobaini na Moja za Bwana Hakika

Karani alikuwa ametimiza miaka ishirini na sita katika ofisi ile, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kukutana na mjinga anayejijua kuwa ni mjinga. Wajinga aliowaona yeye walikuwa na mihuri.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja na nusu penye geti la makaburi ya umma. Meza mbili, kabati la bati, sefu ya chuma, na dirisha linalotazama vitalu vinne, A mpaka D. Wenye uwezo walijengea watu wao kwa marumaru na kuandika majina. Wengine wote, yaani karibu kila mtu, walipewa kigingi cha chuma chenye namba. Namba peke yake haimsaidii mtu. Jina lilikuwa ndani ya rejesta, na rejesta ilikuwa mikononi mwa Karani. Ukimtajia marehemu na mwaka, anafungua kitabu, anatia kidole, kisha anavaa viatu vyake vya mpira na kukupeleka hadi kwenye kigingi. Mdogo wake, ambaye waliishi pamoja, alimtania kila jioni anapoingia: "Wafu wako hawajambo?" Naye hujibu, "Hawajambo. Wana adabu kuliko mkuu wangu."

Mkuu wake aliletwa kutoka idara nyingine, ambako inasemekana walimfanyia sherehe ya kumuaga kwa furaha ya kweli. Wachimbaji makaburi walimbatiza jina wiki ileile: Bwana Hakika. Kila alichosema alikianza kwa "hakika", hata akiwa anaulizwa saa. Alikuwa na kalamu tatu mfukoni mwa shati na hakuna aliyewahi kumwona akiandika zaidi ya sahihi. Debe tupu haliachi kuvuma, na hili lilikuwa limepigwa pasi.

Alikuja na kompyuta. Hilo peke yake halikuwa baya, Karani hakuwa mtu wa kuogopa mashine. Alivaa miwani yake iliyofungwa uzi, akakaa, akachapa vitabu kumi na tisa vya rejesta, majina elfu kumi na moja na ushei, kwa miaka miwili mizima. Alipomaliza aliomba kitu kimoja tu, kwamba vitabu virudishwe kabatini.

"Hakika, dada, tuko karne gani?" akasema Bwana Hakika. "Vitabu ni chakula cha mchwa."

Vikachomwa nyuma ya ofisi. Alichochea mwenyewe kwa fimbo, mikono ya shati ameikunja, uso umemng'aa kwa maendeleo. Majivu yaliruka mpaka kitalu B. Karani alisimama dirishani akasonya mpaka meno yakamuuma.

Sasa, Bwana Hakika alikuwa amehudhuria semina. Huko aliambiwa neno la maana kabisa, kwamba diski hufa kama binadamu, tena bila kuugua, na kwamba mwenye akili huweka nakala ya akiba mbali na kompyuta. Bahati mbaya neno la maana likiingia kwenye kichwa cha namna ile halitoki jinsi lilivyoingia. Alitangaza kuwa kunakili ni kazi ya mkuu na haigusi mtu mwingine. Kila Ijumaa saa nne alivuta kiti, akachomeka flashi mpya, akashika kwa kipanya ile alama iliyokaa juu ya kioo, iliyoandikwa REJESTA KUU, akaiburuta hadi kwenye flashi. Alama ile ilikuwa na kimshale kidogo kwenye kona. Yeye alidhani ni pambo. Kabla hujapepesa jicho, nakala imekwisha. Flashi iliingia kwenye bahasha ya kaki, bahasha ikagongwa muhuri, wakatia sahihi wote wawili, na sefu ikafungwa kwa kishindo.

"Mbona imekwisha upesi hivyo?" Karani aliuliza Ijumaa ya kwanza. "Mimi kuyachapa imenila miaka miwili. Wewe kunakili ni kupiga chafya?"

"Hakika, dada, wewe una vidole, kompyuta ina akili."

Karani aliitazama ile flashi, akamtazama mkuu wake, akaona si kazi yake kumtoa tongotongo mtu mzima. Akatia sahihi. Alitia sahihi Ijumaa arobaini na moja.

Ikafika Jumatatu moja kompyuta ikalalamika kwamba nafasi imekuwa finyu. Mtu mwingine angeuliza. Bwana Hakika alijifungia, akaanza kupekua, na katika sehemu ya pili ya diski akakuta folda nene kuliko zote, nayo imeandikwa Rejesta. Akacheka peke yake. Rejesta si ile pale juu ya kioo? Sasa nani kaiweka mara mbili, ikala nafasi ya bure? Akabofya kufuta. Mashine, ambayo siku hiyo ilikuwa na busara kuliko aliyeikalia, ikamwambia kwamba mzigo huu ni mkubwa, hauingii kwenye pipa la taka, utafutika moja kwa moja na hautarudi. Ana uhakika? Kumuuliza yule bwana swali hilo ni kumuuliza mbuzi kama anapenda majani.

Karani aliporudi kutoka kitalu A alibofya REJESTA KUU kama kila siku, na kioo kikamwambia kwamba anachokitafuta hakipo.

"Usihangaike," mkuu akasema, na funguo zikaanza kulia mkononi mwake. "Ndiyo maana kuna watu tunaona mbali."

Akafungua sefu, akachana bahasha ya kwanza. Flashi ikaonyesha ile alama, na kimshale chake. Akabofya. Hakipo. Akasema hiyo ni mbovu, akachana ya pili. Hadi ya kumi na mbili alikuwa bado analaumu kiwanda cha flashi. Kufika ya thelathini alikuwa ameacha kulaumu na jasho linamtiririka hadi kwenye kola. Ya arobaini na moja hakuichana kwa mkono, aliichana kwa meno. Hakipo.

Karani alikuwa amekaa mikono kifuani. Ukweli ni kwamba katika dakika hizo alifurahi, na furaha ile alikuja kuijutia baadaye.

"Tuite fundi," akasema.

"Siri za ofisi hazitoki nje, dada. Hakika mashine imechoka tu. Ikipumzika itakumbuka."

Haikupumzika. Wiki hiyohiyo alitakiwa kuanza taarifa ya mwaka ya makao makuu, na alikaa kwenye kompyuta ileile akaandika kurasa sitini zenye kichwa "Usalama wa Kumbukumbu Zetu". Aliweka picha ya sefu kutoka pande nne, picha ya bahasha, picha yake mwenyewe akishika bahasha, na video ya Ijumaa moja wakitia sahihi. Vyote alivihifadhi kwenye ile sehemu ya pili ya diski, kwa kuwa sasa, alivyosema, imepata nafasi.

Katikati ya uandishi huo ndipo akaja Mama Pacha.

Alikuwa mshonaji wa sare za shule, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, pini mbili za kushonea zimebaki kwenye ukosi wa gauni lake. Alimshika mkono binti wa miaka mitano. Alieleza akiwa amesimama, ingawa kiti kilikuwepo. Alijifungua pacha kwa kupasuliwa, wa pili akafa siku ileile. Yeye alikaa wodini wiki tatu hajitambui. Mumewe ndiye aliyezika, na ile stakabadhi ya kaburi ilipotea katika kuhamahama. Mume alipanga kumpeleka siku atakayopata nguvu, lakini nguvu ilichelewa kuja, na mume naye mwaka jana akatangulia.

"Huyu ameanza kuniuliza mwenzake yuko wapi," akasema, akimgusa binti kichwani. "Nimemwambia twende tukamwone. Naomba namba tu, kaka. Nimeshamtengenezea na kibao cha saruji cha jina lake."

Karani alimtazama mkuu wake. Neno lilikuwa dogo tu, na mwanamke yule alikuwa na uso wa mtu anayeweza kulibeba: mama, rejesta imepotea, tupe muda. Bwana Hakika akasogeza kiti. Akauliza mwaka, akauliza mwezi, akaanza kugonga vitufe. Kioo kilikuwa na picha ya sefu upande wa kushoto. Akakunja uso, akatikisa kichwa kama aliyeona, akatoa karatasi yenye nembo, akaandika kwa mojawapo ya zile kalamu tatu. Ndiyo siku ya kwanza Karani kumwona akiandika.

"Hakika huyu hapa. Kitalu C, namba 2214. Karibu na bomba."

Mama Pacha akaipokea karatasi kwa mikono miwili. Akalia, akashukuru, akamwombea yule bwana heri na watoto wake. Karani alirudi kwenye meza yake. Alijiambia atasema mama akishatoka, kisha akajiambia atasema kesho, na mwanamke aliporudi Jumamosi na kibao chake kwenye toroli, Karani ndiye aliyefungua geti na kumwonyesha njia ya bomba.

Mama Pacha alikuja kila Jumamosi. Alifyeka, akapanda maua, akamwagilia kwa kikombe. Binti alikaa kwenye nyasi akimsimulia kigingi habari za shule, nani kapigwa, nani kajikojolea. Karani alisikia yote kutoka dirishani. Nyumbani mdogo wake akauliza wafu hawajambo, naye akamfokea mpaka mdogo mtu akaacha kula.

"Mkuu wako mshenzi, sawa," mdogo wake akasema. "Lakini dada, ukimsema hapa mezani kwangu anasikia?"

Jumamosi ya tano ilimshinda. Bwana Hakika alikuwa safarini kuwasilisha zile kurasa sitini. Karani akaifunga kompyuta kwa kanga, akaipakata hadi kwa Fundi.

Fundi alikuwa mwanamke wa makamo mwenye duka jembamba lililojaa matumbo ya mashine, na dharau yake ilimfanya Karani ajisikie yuko kwao. Alitoa diski, akaiunganisha na mashine yake, akasikiliza kisa chote bila kuinua kichwa. Karani alipofika kwenye kimshale ndipo Fundi akaacha kazi.

"Hiyo si rejesta, dada yangu. Hicho ni kibao cha njiani. Kinasema nyumba iko kule. Mmekuwa mkifungia vibao kwenye sefu, nyumba mmeiacha wazi, halafu mkaibomoa."

"Mimi sikunakili. Yeye ndiye alinakili."

"Na wewe siku hata moja hukuchomeka flashi mahali pengine uone kama inafunguka?"

Karani akaanza kuikunja ile kanga. Fundi akaendelea, sauti sawa na ya mtu anayesoma bei. Kilichofutwa hakiondoki papo hapo, kinabaki palepale hakina jina, kinangoja kufunikwa. Ukikigundua siku ileile na ukazima mashine, ukaileta bila kuandika hata salamu, unarudishiwa chote. Shida ni mtu akiendelea kuandika juu yake.

"Ameandika?"

"Kurasa sitini. Na picha. Na video."

"Kuhusu nini?"

Karani alimwambia. Fundi akavua miwani, akacheka hadi akashika meza, kisha akafuta macho na uso wake ukawa hauna kicheko chochote.

Ilichukua siku tatu. Majina yalirudi kwa mafungu, hayana mpangilio, na Karani alikaa kando ya Fundi akayapanga kwa kumbukumbu yake, hili la kitalu A, hili la B, kama mtu anayechambua nguo za watoto. Elfu kumi na moja yalirudi karibu yote. Fungu moja ndilo halikurudi. Pale lilipokuwa palikuwa pamelala video ya kutia sahihi. Ni majina arobaini na manne ya kitalu D, watoto wachanga wote, wa msimu mmoja wa mvua. Karani alihesabu mwezi kwa vidole mara mbili, ingawa mara ya kwanza ilitosha. Mtoto wa Mama Pacha alikuwa mle.

Na 2214 ilikuwa na mwenyewe. Mtoto wa kiume, miezi minne, aliyezikwa miaka minane iliyopita.

Fundi alimpa diski mbili zenye majina yaliyookolewa, akamwamuru azifungue zote mbili mbele yake ndipo aondoke. "Moja ofisini, moja nyumbani kwako. Na kila mwezi ufungue usome. Nakala ambayo hujaifungua ni uvumi."

Bwana Hakika aliporudi na pongezi za makao makuu, Karani alimwekea mambo mezani. Hakushtuka hata kidogo. Alipata ahueni, ndivyo ilivyokuwa, akavuta pumzi kama aliyelegeza mkanda.

"Hakika umefanya kazi nzuri, dada. Tumeokoa karibu yote. Kuhusu yule mama, ana kaburi, ana maua, moyo wake umetulia. Ukimwambia utamsaidia nini? Funika kombe mwanaharamu apite."

Karani alimdharau pale kuliko siku zote. Alimdharau hadi kucha. Akaenda kukaa kwenye meza yake, na Jumamosi akafungua geti.

Jumamosi hiyo Mama Pacha hakuwa wa kwanza. Bibi mmoja alikuwa ametangulia, mrefu, mkavu, jembe begani, na alipita geti bila kuuliza namba kwa sababu hakuhitaji. Baada ya dakika kumi sauti yake ilisikika kutoka kule bombani.

"Nani kamwekea mjukuu wangu jina la mtu?"

Alikuja ofisini amekibeba kibao cha saruji kichwani, na nyuma yake Mama Pacha na binti, waliokuwa wamemkuta akikichimbua. Akakitua sakafuni mbele ya meza ya mkuu.

"Miaka minane nalima pale," Bibi akasema. "Mjukuu wangu nimemlaza kwa mikono yangu hii. Huyu mama naye anasema ni wake, na karatasi ya serikali anayo. Haya, nani kati yetu mwendawazimu?"

Bwana Hakika alianza na hakika. Akasema hakika kuna marekebisho ya kimfumo. Akasema hakika takwimu. Mama Pacha alikuwa akimtazama mdomo, akifuata kila neno, na Karani aliona jinsi mwanamke yule alivyokuwa bado anamwamini, anangoja tu amalize aeleze. Hapo Karani akasimama, akasema yote. Vitabu, moto, kimshale, kurasa sitini, arobaini na wanne wa kitalu D. Alisema haraka, kama mtu anayetapika, na mwisho akanyoosha kidole kwa mkuu wake, kwa sababu kidole hicho kilikuwa kimengoja muda mrefu.

Bibi alikaa chini sakafuni, akamvuta binti mapajani.

Mama Pacha hakupiga kelele. Aliikunja ile karatasi yenye nembo mara nne, akaiweka juu ya meza.

"Kibebe," akamwambia Bwana Hakika.

"Mama, hakika..."

"Kibebe, nasema. Twende kitalu D."

Alikibeba. Kilikuwa kizito, na shati lililopigwa pasi likaingia saruji kifuani. Walipita wachimbaji, ambao kwa mara ya kwanza hawakumcheka. Kitalu D mwishoni, chini ya ukuta, vigingi vidogo vilisimama kwenye nyasi ndefu, mistari minne ya kumi na moja. Hakuna aliyekuwa amefyeka.

"Weka."

"Wapi?"

"Wewe si ulinionyesha? Ulitazama kioo ukaniambia huyu hapa. Nionyeshe tena. Weka mbele ya mwanangu."

Alisogea hatua moja kushoto, akarudi. Alikitazama kigingi kimoja, akatazama cha pili. Hakuwa na pa kukitua, kwa maana kila alipoinama Mama Pacha alimuuliza, "Una uhakika?" naye akainuka tena. Karani alisimama pembeni na moyo wake ukawa unapiga makofi. Ulikuwa mwisho aliomwombea kwa miaka.

Ndipo Mama Pacha akageuka. Hakuwa na hasira usoni, ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa nayo.

"Na wewe dada," akasema. "Huyu alinidanganya mara moja. Wewe ulijua tangu siku ile. Nilikuwa nakusalimia kila Jumamosi."

Karani alifungua mdomo. Alikuwa na maneno mengi ya kumsema mkuu wake, ameyalimbikiza kwa miaka, mazuri, makali, yaliyokwisha kunolewa. Alitafuta moja la kujisemea yeye mwenyewe, akakosa.

Mama Pacha alimwacha amesimama hivyo, akaenda kwenye kigingi cha kwanza cha mstari wa kwanza, akapiga magoti, akaanza kung'oa nyasi kwa mkono.